Kitambulisho Kwanza, Bunduki Baadaye

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: je, kila kijana alazimishwe kupitia jeshini ndipo ahesabiwe kuwa raia kamili? Najua wengi watasema ndiyo. Vijana wamelegea, watasema, nidhamu imekwisha, miezi michache ya kwata itawanyoosha. Mimi nasema hapana, na wala sina ugomvi na kwata. Mimi ni Mnubi wa Kibera. Kwetu utumishi wa jeshi ulitangulia, na uraia tukaja kuuomba baadaye kwenye dirisha la ofisi, vizazi vitatu baada ya bunduki.

Kwa wasiotufahamu: wazee wetu walikuwa askari wa Kisudani chini ya Emin Pasha, gavana wa Equatoria, kusini mwa Sudan. Mwaka 1891 ofisa Mwingereza, Lugard, aliwachukua akawapeleka Uganda kuwatumikia Waingereza, na King's African Rifles ilipoundwa mwaka 1902, jeshi ambalo babu zetu wote wa Afrika Mashariki waliliita keya, wao walikuwamo tangu mwanzo. Kuanzia mwaka 1904 wakaanza kukalishwa Kibera, wakati huo msitu nje kidogo ya Nairobi. Mwaka 1912 serikali ya mkoloni ikatenga eneo hilo, ekari zaidi ya 4,000, kuwa ardhi ya jeshi. Askari aliyemaliza miaka 12 ya utumishi alipata kibali cha kujenga na kulima humo. Pensheni yake ikawa ndiyo hiyo.

Kibali, si hatimiliki. Hapo ndipo shida yote ilipoanzia. Mzee alipewa ruhusa ya kukaa, na aliyeitoa akabaki na uwezo wa kuiondoa siku atakayo.

Tazama basi wenzao walilipwa nini kwa vita ileile. Vita Kuu ya Kwanza ilipomalizika, baada ya miaka minne ya kumfukuza Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kutoka Taveta hadi Msumbiji, serikali ilifanya bahati nasibu Nairobi mwaka 1919. Waliokuwa askari wa Kizungu waligawiwa mashamba, mengine bure, mengine kwa mkopo nafuu, na sehemu ya ardhi hiyo ilikatwa kutoka kwa Wanandi. Mwafrika hakuruhusiwa hata kuingiza jina. Wapagazi waliobeba risasi na unga kwa ajili ya jeshi hilo walikufa zaidi ya 40,000, na hiyo ni hesabu ya serikali yenyewe. Waliorudi nyumbani walikuta sheria ya kipande ikianza kutekelezwa: kila mwanamume Mwafrika kuanzia umri wa miaka 16 atembee na karatasi zake ndani ya kopo la chuma, limening'inia shingoni. Utumishi mmoja, vita moja, na malipo yakatolewa kwa kuangalia rangi ya ngozi.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba jeshi ndilo linalomfanya mtu kuwa raia, nauliza: nani anashika daftari la malipo? Uraia ukishakuwa ujira, basi upo kama ujira mwingine wowote. Unaweza kucheleweshwa, kukatwa, au mwajiri akasema hakukuandika kazi.

Na ndivyo tulivyoambiwa. Mwaka 1928 jeshi lilikabidhi Kibera kwa utawala wa kiraia, na maofisa wapya wakawaona wale askari wastaafu kama wapangaji waliokaa kupita muda. Tume ya Carter, ile ya mkoloni iliyochunguza ardhi ya Kenya miaka ya 1930, ilikiri kwamba serikali ilikuwa na wajibu juu yao, ama iwarudishe kwao ama iwatafutie mahali panapofaa pa kuishi. Serikali haikufanya la kwanza wala la pili. Vita ya pili ilipozuka, watoto wa Kibera wakaandikishwa tena, wakapelekwa Ethiopia, Madagascar na Burma.

Mwaka 1963 Katiba ya uhuru ikasema raia ni mzaliwa wa Kenya ambaye pia mzazi wake mmoja alizaliwa humu. Wengi wetu tulitimiza sharti hilo. Lakini nani aliandika kuzaliwa kwa mtoto wa askari mwaka 1915? Kwenye orodha za makabila tulikuwa ndani ya fungu la "wengineo" hadi sensa ya mwaka 2009, tulipohesabiwa kwa jina letu tukakutwa zaidi ya 15,000.

Nilipofikisha miaka 18, wanafunzi wenzangu walikwenda kwa chifu na hati ya kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi, wakachukuliwa alama za vidole, wakasubiri kadi. Sisi tuliambiwa tungoje siku ya kamati. Unaingia, wamekaa wazee na maofisa upande wa pili wa meza, maswali yanaanza. Babu yako alizaliwa wapi? Nani aliyemleta? Una shamba upcountry? (Swali hilo la shamba lilikuwa tamu kweli, kwa sababu shamba letu ndilo hilohilo walilolijengea mitaa.) Nenda mahakamani ulete hati ya kiapo. Ulete na kitambulisho cha babu.

Babu yangu mzaa baba alikuwa keya Burma. Baba alikwenda nami kwenye kamati, akatoa mfukoni kitambaa, ndani yake nyota ya shaba yenye ncha sita na utepe wa buluu wenye mstari mwekundu katikati. Ofisa aliichukua, akaigeuza nyuma, akaipapasa kwa kidole gumba. Nyuma ilikuwa tupu. Nyota ile haikuchongwa jina wala nambari ya askari. "Mzee, hii inaweza kuwa ya mtu yeyote," akasema, akairudisha kwa adabu kabisa, na tukaongezwa tarehe nyingine. Kadi niliipata baadaye sana. Kwa muda wote huo sikuweza kufungua akaunti ya benki, kupiga kura, wala kuingia jengo la serikali bila kubembeleza mlinzi mlangoni.

Kilichonichekesha, kama kicheko ndilo neno, ni kwamba katika kipindi hichohicho nilitaka kujiunga na jeshi. Kila mwaka tangazo la kuandikisha makuruta likitoka linasema uwe raia wa Kenya, uje na kitambulisho halisi. Nilikwenda uwanjani hata hivyo. Vijana walikuwa wamepangwa mistari, vifua wazi, wanapimwa urefu, wanakaguliwa meno na nyayo. Sikufika kwenye meno. Mezani waliniomba kadi, sina, nikaambiwa nipishe wengine. Mjukuu wa keya hakuweza kuwa mwanajeshi kwa kuwa hakuwa raia, na hoja yenu ya wiki hii inasema uraia hupatikana kwa kupitia jeshini! Katika dola yoyote ya leo karatasi ndiyo hutangulia. Bunduki hufuata.

Nawasikia wanaotoa mfano wa Senegal. Ni kweli, mwaka 1916 Blaise Diagne, mbunge wa Senegal katika bunge la Ufaransa, aliibana Ufaransa ikiwa na shida ya askari, ikapitisha sheria kwamba wenyeji wa miji minne, Dakar, Saint-Louis, Gorée na Rufisque, ni raia wa Ufaransa na watatumikia jeshi kama raia. Lakini soma vizuri: alidai sheria iandikwe wakati risasi bado zinalia, hakusubiri shukrani. Wale wa nje ya miji hiyo walipigana vilevile wakabaki watawaliwa tu, si raia. Mwezi Desemba 1944, kambini Thiaroye, karibu na Dakar, waliporudi na kudai malipo yao ya vita, makumi yao walipigwa risasi na jeshi lilelile walilolitumikia.

Mfano wa Tanzania ni mgumu zaidi kwangu, maana naupenda. JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, ilianza mwaka 1963, na wasomi walipolazimishwa kujiunga, wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana tarehe 22 Oktoba 1966, wakilalamikia hasa kukatwa mishahara. Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mimi nikimwona kiongozi wa kwetu anaanza na mshahara wake, nitakaa niisikilize hoja yake ya kulazimisha watoto wa wengine. Na sikatai kwamba kambi ilimkalisha kijana wa Bukoba na wa Mtwara kwenye sahani moja ya ugali. Ila angalia: vijana wale walikuwa raia tayari. Walidaiwa deni kwa nchi iliyowasomesha. Hakuna aliyeambiwa uraia wake bado uko kwenye mizani.

Kwetu mambo yamesogea kidogo. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya iliwakosea watoto wa Kinubi kwa kutowatambua tangu kuzaliwa. Mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta akaikabidhi jamii yetu hatimiliki ya ekari 288. Katika zile elfu nne, hesabu mfanye wenyewe.

Mwanangu wa pili anamaliza kidato cha nne mwaka huu na anataka kwenda jeshini. Sitamzuia, ni kazi ya ukoo. Nimemwambia tu kwamba akishatimiza 18 asingoje tangazo la makuruta. Aanze na ofisi ya usajili, abebe hati yake ya kuzaliwa, kitambulisho changu, cha mama yake, na hati ya kifo ya babu, kila kimoja na nakala tatu.

Msomaji, Kibera, Nairobi