Jibu: Mkopo na bima ya Subaru WRX iliyotumika

Habari ndugu. Umeeleza kwamba benki iko tayari kukukopesha ununue Subaru Impreza WRX iliyotumika hapa Nairobi, lakini umekwama kwa kuwa mawakala wawili wamekunyima bima kubwa (ile inayolipia pia uharibifu wa gari lako mwenyewe), nawe una miaka 23.

Kabla ya kulipa amana yoyote, tafuta bima kwanza, kwani benki haitoi fedha bila bima kubwa, na logibuku (hati ya umiliki wa gari) itasajiliwa kwa jina lako pamoja na la benki hadi deni liishe. Mimi nilianza na mkopo, muuzaji akakaa na amana yangu wiki sita, na uchungu wake bado naukumbuka.

Mwombe wakala akujibu kwa maandishi ni kiasi gani utachangia mwenyewe ajali ikitokea, maana kwa dereva wa chini ya miaka 25 kampuni nyingi hukiongeza, na kama turbo au ekzosi iliyobadilishwa inakubalika. Tafadhali usifiche mabadiliko hayo: mthamini wa kampuni ya bima akiyagundua baada ya ajali, fidia inaweza kukataliwa huku mkopo ukiendelea kukudai. Kwa SACCO sijawahi kukopa, hivyo nimezungumzia benki pekee.