Je, Lady Audley Alikuwa Mwendawazimu Kweli?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika vitabu alivyotuachia marehemu babu hapa Ujiji nimekuta riwaya ya mwandishi Mwingereza Mary Elizabeth Braddon, Lady Audley's Secret (yaani Siri ya Lady Audley). Nimeimaliza, lakini sielewi Lady Audley, mwanamke mwerevu kiasi kile, anawezaje kuambiwa mwishoni kuwa ni mwendawazimu. Na kwa nini shuleni tulisikia habari za mwandishi Charles Dickens tu, huyu hatukutajiwa kabisa?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Una haki ya kutilia shaka, ndugu msomaji, na naamini shaka hiyo mwandishi aliipanda kwa makusudi. Rudia sura ambamo daktari Mosgrave anaitwa. Anapoelezwa kwamba mwanamke huyu alitoroka kwao, akabadili jina na kuolewa na tajiri ilhali mume wake wa kwanza, aliyemtelekeza na kwenda Australia kutafuta dhahabu, yu hai, daktari anajibu kwamba haoni wazimu wowote hapo. Ni baada ya kudokezewa kutoweka kwa mume huyo, na shaka kwamba bibi amehusika, ndipo anapotaja wazimu uliojificha, na bibi anapelekwa kufungiwa Ubelgiji, mbali na mahakama na aibu ya ukoo. Nionavyo mimi, ugonjwa huo uliwafaa zaidi jamaa wa mumewe kuliko mgonjwa. Braddon hakuwa mgeni wa mambo hayo: aliishi na mchapishaji John Maxwell, ambaye mkewe alikuwa na maradhi ya akili, na hawakuweza kuoana hadi mke huyo alipofariki mwaka 1874.

Ama kusahaulika kwake, hakukutokana na uhaba wa wasomaji, kwani riwaya hii ya 1862 iligombewa. Wahakiki ndio walioidharau. Henry Mansel, mwaka 1863, alizishutumu riwaya za aina hii kwamba zinahubiria mishipa ya fahamu, yaani zinamsisimua tu msomaji. Kilichowaudhi, nadhani, ni uhalifu kuwekwa ndani ya nyumba ya waheshimiwa, tena mikononi mwa mke mrembo. Riwaya zake zaidi ya 80 nazo zilimfanya aonekane mwandishi wa biashara tu, hadi wahakiki kama Elaine Showalter, katika kitabu chake cha 1977, walipomsoma upya kwa makini.

Ukitaka kuendelea naye, tafuta Aurora Floyd ya 1863. Hakimiliki yake imekwisha, hivyo inapatikana bure kwenye intaneti.