Kwa nini bado tunapasua mbu ilhali vipimo vya vinasaba vipo

Ndugu uliyeuliza, umesema unakaribia kuanza utafiti wa magonjwa yanayoenezwa na wadudu, na ungependa kujua kama kuna haja ya kujifunza kupasua mbu kwa sindano chini ya darubini wakati vipimo vya vinasaba vinatoa majibu ya mamia ya mbu kwa mkupuo mmoja. Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi, kwanza kwenye malaria na baadaye kwenye matende, na kwa maoni yangu haja ipo, kwa kuwa jambo linaloamua maambukizi si wingi wa mbu peke yake, bali ni wangapi kati yao wanaishi muda wa kutosha kuambukiza, na kupasua hutusaidia kuujua umri wao.

Vimelea vya malaria vinavyoingia tumboni mwa mbu pamoja na damu huhitaji takribani siku 10 hadi 14, kutegemea joto, kabla ya kufika kwenye tezi za mate. Minyoo ya matende huhitaji muda unaokaribiana na huo, na vimelea vya malale ndani ya mbung'o huweza kuchukua wiki tatu au zaidi. Katika miaka ya 1950 George Macdonald, mtaalamu wa malaria wa Uingereza, alionyesha kwa hesabu uzito wa jambo hili. Ikiwa katika kila mbu 100 hunusurika 90 kila siku, baada ya siku 10 watabaki kama 35. Wakinusurika 80 kila siku, watabaki kama 11 tu. Hapo ndipo nguvu ya chandarua chenye dawa inapoonekana, kwani hata mbu wakiendelea kuzaliwa kwa wingi, wanaofikia umri wa hatari huwa wachache sana.

Historia ya fani yetu inathibitisha hivyo. Daktari Patrick Manson wa Uskoti aligundua mwaka 1877, akiwa Amoy nchini China, kwamba minyoo ya matende hukua ndani ya mbu, lakini aliamini kuwa mbu hunywa damu mara moja, hutaga mayai na kufia majini baada ya siku chache, na hivyo akadhani watu huipata minyoo kwa kunywa maji hayo. Thomas Bancroft wa Australia ndiye aliyewalisha mbu wake ndizi, wakaishi kwa wiki kadhaa, na minyoo ikakomaa ndani yao. Mwaka 1900 George Carmichael Low, akichunguza mbu waliotoka kwa Bancroft, aliiona minyoo ndani ya mrija wa kufyonzea damu. Zaidi ya miaka ishirini ilipita kwa sababu umri wa mbu haukujulikana.

Kupasua kwenyewe kunahitaji mkono mtulivu. Unamweka mbu jike kwenye tone la maji juu ya kioo, unakwangua pingili ya mwisho wa tumbo, kisha unavuta taratibu mpaka ovari (viungo vya kutengenezea mayai) zitoke, unaziacha zikauke na kuangalia vijirija vyake vya hewa. Mbu ambaye hajawahi kutaga, yaani aliye bado mchanga, ana vijirija vilivyojiviringa kama kitonge cha uzi. Aliyewahi kutaga, vyake vimenyooka na haviwezi kujikunja tena. Nimeona eneo ambako idadi ya mbu walionaswa haikubadilika baada ya dawa kupulizwa ndani ya nyumba, huku ovari zikionyesha kwamba karibu wote walikuwa wachanga. Kwa kutazama idadi peke yake, kazi ile ingehesabiwa kuwa imeshindwa.

Vipimo vya kisasa navitumia na ninavithamini, hasa kwa kutofautisha spishi zinazofanana kwa sura. Hata hivyo, protini ya vimelea vya malaria inaweza kuonekana mwilini mwa mbu kabla vimelea havijafika kwenye tezi za mate, na ndiyo sababu tunapima kichwa na kifua tu, tukiacha tumbo. Ukishaziona tezi zenyewe, pamoja na vimelea vyembamba vilivyopinda kidogo vikitoka ndani yake, utajua kipimo chako kinakuambia nini na wapi kinaweza kukupotosha.

Ukitafuta eneo la utafiti, ningekushauri uangalie ivermectin, dawa inayotumika tangu mwaka 1987 dhidi ya upofu wa mtoni. Mbu anayemuuma mtu aliyeimeza hufupishiwa maisha, na watafiti wanachunguza kama hilo linaweza kusaidia dhidi ya malaria. Katika uchunguzi huo utahitaji kujua umri wa mbu kabla na baada ya watu kumeza dawa, kwa hiyo anza kujizoeza na mbu waliofugwa maabara, ambao umri wao tayari unaujua.