Dimbwi moja linatosha: kuwaonyesha watoto viumbe wa bahari hapa Tanga

Mwaka juzi niliwapeleka wanangu wawili Nungwi, Unguja, kwenye bwawa la kasa la Mnarani. Ni bwawa la asili lililo katikati ya miamba, maji yake hupwa na kujaa pamoja na bahari, na wageni huwalisha kasa mwani. Pale pazuri; kosa lilikuwa langu. Niliwaharakisha: mtazameni huyu, haya twendeni, mtazameni na yule. Jioni nikamuuliza mdogo, aliyekuwa na miaka mitano, ameona nini. Akanijibu, "Mwani." Iliniuma, kwa sababu alisema kweli. Katika safari nzima, kitu pekee alichopata nafasi ya kukishika na kukitazama hadi akatosheka ni ule mwani mkononi mwake.

Tangu hapo tunakwenda Mwambani, kusini kidogo ya mji wetu, na tukifika tunachagua dimbwi moja, la maji yaliyobaki mwambani bahari ikipwa. Tunachuchumaa hapo hapo.

Ila siku ya kwenda haichaguliwi ovyo. Subirini bamvua, yaani siku ambazo bahari hupwa na kujaa sana, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, hasa siku moja au mbili baada ya hapo. Pwani yetu ina bahati: siku hizo maji hukauka kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, watoto wameshakunywa chai na jua halijawa kali sana. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo ukikosa Jumamosi, Jumapili bado inafaa. Siku za maji mafu, bahari inapopwa kidogo tu, msijisumbue, mwamba hautoki vizuri. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu nako maji huchafuka, hamtaona kitu.

Fikeni mapema, muda wa saa moja na nusu kabla maji hayajafika mwisho wa kupwa, myafuate yanavyorudi. Maji yakigeuka, nanyi mgeuke. Nalisisitiza hili kwa sababu liliwahi kunikuta. Tulikuwa tumezama kumtazama pweza, na mimi nikiangalia mbele tu, kumbe mkondo uliokuwa nyuma yetu, tuliouvuka ukiwa mkavu, umeshajaa hadi magotini mwangu. Nilimbeba mdogo mabegani na mkubwa nikamshika mkono, moyo unanidunda. Bahari haijazi kwa kufuata mstari kama maji kwenye beseni. Huingia kwanza kwenye mikondo, inakuzunguka.

Sasa hilo dimbwi. La mwisho tulilokaa lilikuwa na ukubwa wa sinia la pilau. Dakika tano za kwanza watoto walisema hamna kitu, na hapo ndipo mzazi anapotakiwa kunyamaza. Kisha kijiwe kimoja kikatembea. Lilikuwa kombe la konokono, na ndani yake kaa mdogo aliyejihifadhi, miguu tu ndiyo iliyotoka. Wakaona kamba mwembamba kama uzi, mwanga unapenya mwili wake. Wakaona kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, amejibandika ubavuni mwa jiwe. Nikawaambia kiumbe huyu hana ubongo wala damu, mkubwa akanitazama kama ninayemdanganya, akainama tena hadi pua ikagusa maji.

Mama mmoja aliyekuwa akipita na mkuro wake, fimbo ya kuvulia pweza, tulimwamkia, akatuonyesha alama ya nyumba ya pweza: tundu lenye vipande vya magamba ya kaa na makombe mlangoni, masalio ya chakula chake. Mwanangu alimwuliza, "Bibi, yumo?" Akacheka, akasema, "Huyo anakuona wewe." Kweli alikuwemo, rangi yake ni ile ile ya mwamba mpaka alipovuta pumzi.

Miguuni vaeni raba kuukuu. Ndala hunasa kwenye tope na kukatika. Mtoto asiingize mkono kwenye tundu asiloliona ndani, na makombe yenye umbo la koni, hata yakiwa mazuri vipi, yasiokotwe: baadhi yana sumu inayoweza kuua mtu. Yupo pia samaki anayefanana kabisa na jiwe, mwenye miiba ya sumu mgongoni. Akichoma, loweka mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika huku mkiwahi hospitali. Jiwe mkiligeuza lirudisheni lilivyokuwa, kwani wanaoishi chini yake jua huwaua. Matumbawe yaliyo hai msiyakanyage. Baruti za wavuvi haramu zimeshatuvunjia mengi mno.

Njiani kurudi huwa nawasimulia habari za samaki aitwaye silikanti. Wataalamu waliamini alitoweka pamoja na dinosaria, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Hapa Tanga wavuvi walianza kumnasa kwenye nyavu za papa mwaka 2003, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Anaishi kilindini, mita 100 na zaidi, na akipandishwa juu hufa baada ya saa chache, ndiyo maana hakuna jumba la samaki lililowahi kumfuga. Mkubwa hupenda kujua kwamba yuko hai, kule nje ya ghuba yetu, hata kama hatamwona.

Jambo la mwisho ni mifuko. Usiku mmoja nilisikia tiki-tiki kwenye kaptula iliyokuwa imetundikwa msumarini. Nilipoipapasa nikakuta kombe dogo, na kaa wake bado mzima, anatafuta njia. Mdogo alidhani ni kombe tupu. Alilia nilipomweleza, na alfajiri tukamrudisha, ingawa ni mbali. Sasa kabla ya kupanda bajaji kila mmoja wetu anageuza mifuko nje, na kila kombe tunaliweka majini kwanza, tunahesabu hadi mia, tuone kama kuna miguu itakayotoka.