Kabla hujasaga, pima gololi

Kama unaanza kutengeneza unga laini wa semikondakta (kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi tu) kwa kinu cha gololi, yaani kopo linalozungushwa likiwa na gololi za kuponda unga, nakuomba jambo moja: weka gololi zako kwenye mizani, uandike uzito wake. Mimi sikupima, nikapoteza miezi miwili.

Nilikuwa natia kobalti kwenye oksidi ya zinki. Ukitaka gramu 10 ambazo katika kila atomu 100 za metali 5 ni kobalti, unachanganya gramu 9.54 za oksidi ya zinki na 0.46 za oksidi ya kobalti. Nikatumia kopo la chuma na gramu 100 za gololi za chuma, mizunguko 300 kwa dakika, saa 20. Unga ukatoka na rangi ya majivu. Nikasogeza sumaku nje ya chupa ya kioo, unga ukapanda ukutani! Nilifurahi mno, maana semikondakta yenye usumaku ndiyo niliyokuwa naitafuta.

Mwenzangu wa maabara akauliza kama nimewahi kusaga oksidi ya zinki tupu. Sikuwahi. Nikaisaga kwa saa zilezile bila hata chembe ya kobalti, na sumaku ikaivuta vilevile. Safari hii nilikuwa nimepima gololi: zilipungua gramu 0.2, zaidi ya nusu ya uzito wa kobalti niliyokuwa naweka, na hapo sijahesabu kuta za kopo. Kipimo cha eksirei, ambacho hutambua kristali kwa vilele vinavyojitokeza kwenye grafu, hakikuonyesha kitu, kwa sababu chuma kidogo namna hiyo humezwa na vilele vya oksidi ya zinki. Kuosha kwa asidi usijaribu, oksidi ya zinki yenyewe itayeyuka.

Kwa hiyo tumia kopo na gololi za zirkonia, kauri ngumu isiyo na chuma. Nazo hulika, ila haziachi usumaku wa kukudanganya. Kila mara saga sampuli tupu pembeni. Pumzisha mashine, dakika 15 kazi na 15 mapumziko, na usifungue kopo likiwa bado moto, vaa barakoa.

Tena, vilele vya eksirei vikinenepa usitegemee fomula ya Scherrer, inayokadiria ukubwa wa chembe kwa unene wa vilele, peke yake. Kusaga hupinda kristali, na mpindo huo nao hunenepesha vilele, hivyo utadhani chembe ni ndogo kuliko zilivyo.

Unga wangu wenye kobalti, niliousaga kwa zirkonia, ulipotoka tanuruni ulikuwa kijani, rangi ya kobalti iliyokaa mahali pa zinki. Nikausogezea sumaku. Haukutikisika.