Skripti ya kupandisha toleo la mfumo endeshi ijaribiwe kwenye nakala ya seva yenyewe

Msimamizi wa seva nyingi hana budi kuandika skripti, yaani faili ya amri zinazotekelezwa zenyewe kwa mfuatano, kila toleo kubwa la mfumo endeshi linapotoka, kwa kuwa kazi hiyohiyo ikirudiwa kwa mkono kwenye mashine moja baada ya nyingine, hatua fulani itarukwa tu. Mimi hutumia Debian, mfumo endeshi wa familia ya Linux, ambayo toleo lake la 11 lilitoka Agosti 2021, la 12 Juni 2023 na la 13 Agosti 2025. Katika mapito hayo nimejifunza jambo moja ninalolishikilia: skripti ya namna hii isijaribiwe kwenye mashine iliyosakinishwa upya asubuhi ya leo, bali kwenye nakala ya seva ileile itakayopandishwa. Mashine mpya haina kifurushi (programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa) kilichotoka kwenye hazina isiyo ya Debian kikasahaulika, haina faili ya mipangilio iliyohaririwa na mtu aliyekwisha kuhama kazi, wala haina sehemu ya /boot iliyojaa kerneli (viini vya mfumo endeshi) za zamani. Skripti itapita hapo bila kikwazo, na kupita huko hakutakuambia lolote kuhusu seva yako.

Njia ninayoipenda ya kupata nakala ni kuirejesha seva kutoka kwenye nakala rudufu hadi kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya nyingine, maana kwa kufanya hivyo unathibitisha pia kwamba nakala rudufu zako zinarejesheka. Kabla ya kuiwasha, ikatie mtandao, ukiiachia njia ya kufikia hazina ya vifurushi tu. Nakala hiyo inajidhani kuwa ni seva halisi: ina anwani ya IP ileile, ina kazi zilizopangiwa saa kwenye cron, programu inayoziendesha zenyewe kwa ratiba, na ikiachwa huru itawatumia wateja barua pepe na kuandika kwenye hifadhidata isiyopaswa kuiandikia. Liangalie pia suala la GRUB, programu inayouanzisha mfumo endeshi mashine inapowashwa. Kwenye mashine zinazowaka kwa njia ya BIOS, mfumo wa zamani wa kuwashia kompyuta, kifurushi cha grub-pc hukumbuka kitambulisho cha diski ambayo kilisakinishwa, na diski ya nakala huwa na kitambulisho kingine, kwa hiyo nakala inaweza kugoma kuwaka kwa sababu isiyohusiana kabisa na skripti yako. Hali hiyohiyo hutokea kwenye seva halisi iliyowahi kubadilishiwa diski, ndiyo maana skripti nzuri huihakiki thamani hiyo mapema.

Sehemu inayoonekana rahisi kuliko zote ni kubadilisha jina la toleo kwenye faili ya sources.list, inayoorodhesha hazina za vifurushi, na hapo ndipo skripti nyingi hukwama. Watu huandika mstari mmoja wa sed, amri ya kubadilisha maneno ndani ya faili, unaofuta buster (jina la toleo la 10) na kuweka bullseye (la 11), kisha wakaendelea. Lakini kuanzia toleo la 11 hazina ya usalama ilibadilishiwa muundo wa jina: iliyokuwa buster/updates ikawa bullseye-security, na ule mstari wa sed huzaa bullseye/updates, hazina isiyokuwepo. Toleo la 12 nalo lilizitenga programu dhibiti (zinazoendesha vifaa vya mashine) zisizo huria katika kundi lao, non-free-firmware, na skripti inayobadilisha jina la toleo peke yake huiacha mashine bila masasisho ya programu dhibiti ambayo pengine kadi yake ya mtandao inayategemea. Zingatia pia kwamba apt-get update, amri ya kusasisha orodha ya vifurushi, inaweza kushindwa kuifikia hazina kwa sababu ya mtandao, ikatoa onyo tu, na bado ikamaliza kwa msimbo wa mafanikio. Kwa hiyo skripti isome matokeo yenyewe na isimame ikiona onyo, badala ya kuuamini msimbo peke yake.

Debian haikubali kuruka toleo. Anayetoka la 11 kwenda la 13 lazima apitie la 12, na kila hatua ijaribiwe peke yake. Mwongozo rasmi hushauri kuanza na apt upgrade --without-new-pkgs ndipo ifuatie apt full-upgrade, na sioni sababu ya skripti kufanya vinginevyo.

Katikati ya kazi dpkg, programu inayosakinisha vifurushi, hupenda kuuliza: je, faili yako ya mipangilio ibaki au ichukuliwe mpya? Skripti haiwezi kujibu papo hapo, kwa hiyo huwekewa --force-confdef na --force-confold ili za zamani zibaki. Nakubaliana na uamuzi huo, mradi ukumbuke kwamba faili mpya huachwa pembeni zikiwa na kiambishi .dpkg-dist. Wakati wa majaribio zitafute zote ndani ya /etc, folda ya mipangilio, uzisome tofauti zake moja baada ya nyingine, na uyahamishie kwenye skripti mabadiliko yanayohitajika. Kazi hii inachosha, lakini hakuna sehemu ya jaribio inayofichua mengi kama hii.

Kisha ikatize skripti kwa makusudi. Izime nakala ghafla vifurushi vikiwa vinafunguliwa, iwashe, uiendeshe skripti tena tangu mwanzo. Ikiwa imeandikwa vizuri, itatambua hatua zilizokamilika, itaendesha dpkg --configure -a na apt --fix-broken install ili kukamilisha vifurushi vilivyoachwa njiani, na kuendelea. Isipofanya hivyo, irekebishe sasa, kwa sababu umeme na mtandao havitakusubiri siku ya kazi. Kwa sababu hiyohiyo skripti iendeshwe ndani ya tmux au screen, programu zinazoishikilia kazi hata ukitoka, ili muunganisho wa SSH (njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali) ukikatika kazi isikatike nao.

Skripti kufika mstari wa mwisho bila kosa hakumaanishi kwamba seva imepanda salama. Kabla ya kuanza, hifadhi orodha ya huduma zinazoendeshwa, poti zinazosikiliza na diski zilizopachikwa. Baada ya kuwasha upya, linganisha, na uendeshe systemctl --failed, inayoorodhesha huduma zilizoshindwa kuanza. Hata hivyo yapo mambo ambayo orodha hiyo haiyaonyeshi. OpenSSH, programu inayotoa huduma ya SSH, iliacha kukubali saini za ssh-rsa zinazotumia SHA-1 (mbinu ya zamani ya usimbaji) kuanzia toleo lake la 8.8, Debian 11 ina 8.4 na Debian 12 ina 9.2, kwa hiyo huduma ya SSH itaonekana nzima kabisa ilhali vifaa vya zamani vimefungiwa nje. Mazingira ya lugha ya Python yaliyojengwa kwa toleo la 3.9 la Debian 11 hayafanyi kazi chini ya 3.11 la Debian 12 hadi yajengwe upya. Kwenye toleo la 13, /tmp, folda ya mafaili ya muda, huhamia kwenye kumbukumbu ya RAM, ikiruhusiwa kufikia nusu yake, na programu iliyozoea kurundika humo mafaili makubwa itaibana mashine nzima. Mambo haya hugunduliwa kwa kuitumia nakala kama watumiaji wanavyoitumia seva: ingia kutoka kwenye kifaa kilekile cha zamani, tengeneza ripoti ileile ya mwisho wa mwezi.

Hifadhidata nimeiacha mwisho kwa kuwa ndiyo inayoamua muda. Programu ya hifadhidata ya PostgreSQL hutoka toleo la 13 katika Debian 11 hadi 15 katika Debian 12, na baada ya kupandisha, klasta ya zamani (mkusanyiko wa hifadhidata zinazoendeshwa pamoja) huendelea kushika poti 5432 huku mpya, tupu, ikianzishwa kwenye 5433. Amri ya pg_upgradecluster, inayohamishia data kwenye toleo jipya, haitakubali hadi ile tupu ifutwe, na hapa skripti ihakikishe inafuta klasta yenye namba sahihi ya toleo. Pima muda wa uhamishaji kwa data kamili, na uutumie muda huo, ukiongeza ziada, kupanga saa za kusimamisha huduma. Amua pia mapema ni saa ngapi uamuzi wa kurudi nyuma utafungwa, kwa maana watumiaji wakishaanza kuandika data mpya, kuirejesha picha ya diski ya jana ni kuifuta kazi yao ya leo. Klasta ya zamani iache imezimwa mahali pake mpaka nakala rudufu ya klasta mpya ichukuliwe na kurejeshwa kwa majaribio, ndipo uiondoe kwa pg_dropcluster, kwa mkono, nje ya skripti.