Kota na nafaka kwenye shamba moja

Watoto wa jirani ndio walioniambia, bila kusema neno, kwamba nusu ya mtama wangu ulikuwa kota, ule wenye bua tamu. Nilikuta mabua yamevunjwa pembezoni mwa shamba, maganda yametapakaa kama ya miwa. Nilikwenda kugomba, nikatafuna kipande kimoja, nikanyamaza. Tangu hapo, hapa Chamwino, Dodoma, kila msimu natenga nusu ekari ya kota, na penginepo napanda Macia, mtama mweupe, kwa ajili ya ugali.

Kosa langu kubwa lilikuwa ujanja. Mwaka mmoja niliwahi kupanda kwa mvua za kwanza za Desemba, majirani wakisubiri. Masuke yangu yakaanza kutoa maziwa wakati mashamba yao bado ni majani matupu, na kweleakwelea wa kijiji kizima wakahamia kwangu. Niliamia juu ya dungu wiki tatu, debe mkononi, hadi sauti ikakauka. Siku hizi napanda wiki moja na wenzangu, ili hao ndege tugawane.

Nafasi ni sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, miche miwili kila shimo. Ukisonganisha, mabua yanakuwa membamba na hayana maji. Kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, king'oe kabla hakijatoa mbegu. Kikikuzidi, rudi kwenye Hakika au Wahi, mbegu za mtama zinazostahimili kiduha, uachane na kota kwa muda.

Wakati wa kuvuna, nyofoa punje uangalie pale iliposhikana na suke. Ukiona doa jeusi, nafaka imekomaa na bua bado lina sukari. Nakata masuke kwanza nayaanika kwenye turubai, kisha nakata mabua, napukutisha majani na kukamua siku hiyohiyo kwa mashine ya juisi ya miwa ninayokodi sokoni. Mabua yakilala juani, juisi inachacha.

Juisi yenyewe ni ya kijani na ina wanga. Iache itulie saa mbili, mimina ya juu, ile nzito ya chini iache. Niliporuka hatua hii nilipata kitu kama uji uliolala. Chemsha kwenye sufuria pana huku ukiengua povu. Ndoo ya lita 20 ya juisi hunipa kama lita mbili za asali ya kota. Ikianza kuanguka kutoka kwenye mwiko kama utando badala ya matone, ipua. Usiondoke hapo mwishoni! Mimi niliondoka kupokea simu, na sufuria ile hadi leo ni ya kunyweshea kuku.

Usidhani utaacha kununua sukari. Kuni zinazoteketea ni nyingi mno, kwa hiyo natengeneza chupa chache tu za nyumbani. Anayenishauri nifanye biashara namuuliza kuni atanipa nani.

Punje za kota yangu ni nyekundu na zina uchungu kidogo. Nazikoboa, kisha nachanganya na Macia nusu kwa nusu. Zikisagwa na ganda lake, ugali unakaba kooni. Kwa uji, nalowesha unga usiku kucha uchachuke, asubuhi natia vijiko viwili vya asali hiyo ya kota.

Makapi ya kukamulia wanakula ng'ombe. Machipukizi yanayotoka kwenye visiki baada ya mvua ya mwisho ndiyo nawazuia, maana yakiwa machanga yana sumu inayoua ng'ombe haraka. Shamba nalizungushia miiba hadi yapite kiuno.